Nimepokea punguzo la gari kwa sharti la kukopa kwa muuzaji: nihamishe mkopo sasa au nisubiri?

#1 Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, naomba mawazo yenu kuhusu jambo ambalo limenisumbua kwa wiki tatu. Nimenunua gari jipya kwa mkopo. Bei yake ilikuwa 24,000, nikatoa kianzio cha 4,000, na muuzaji akanipa njia mbili za kumalizia kilichobaki. Ya kwanza ilikuwa kulipa bei kamili na kujitafutia mkopo popote ninapotaka. Ya pili ilikuwa kupewa punguzo la 1,500, kwa sharti kwamba mkopo nichukue kwenye taasisi ya fedha inayofanya kazi naye, kwa riba ya asilimia 9 kwa mwaka na muda wa miezi 60. Sarafu sitaitaja kwa sababu haina uzito katika swali langu. Kila mmoja aweke ya kwake na uwiano utabaki ule ule.

Benki yangu ilikuwa tayari kunikopesha kwa asilimia 6, kwa hiyo nilidhani jibu lilikuwa wazi. Nilipokaa na kikokotoo nikakuta mambo si hivyo. Mkopo wa 20,000 kwa asilimia 6 ungenidai rejesho la 386.66 kila mwezi, ilhali mkopo wa 18,500 kwa asilimia 9 unanidai 384.03. Punguzo lilikuwa limefidia tofauti yote ya riba kwa miaka mitano na kubakiza chenji kidogo. Nikachagua punguzo, nikasaini, nikaondoka na gari.

Tulipokuwa tunaagana, muuzaji aliniambia, kama mtu anayenisihi, nisiufunge mkopo huo kabla ya miezi sita kupita. Hakunieleza sababu. Nami kusema kweli tayari nilikuwa nimeanza kufikiri kwamba, ikiwa punguzo nimekwisha kulipata na benki bado inanitaka kwa asilimia 6, kwa nini nisiiombe benki inunue mkopo huu na mimi nibaki na faida zote mbili? Hadi leo nimelipa rejesho moja. Nauliza: je, jambo hili linaruhusiwa? Je, ile miezi sita ni sharti au ni ombi? Na je, kuna gharama zinazojificha ambazo mtu asiye wa kazi hiyo hawezi kuziona?

#2 Afisa Mikopo Mstaafu

Ndugu mwanzisha uzi, nimefanya kazi ya mikopo ya magari kwa muda mrefu, nikikaa upande wa mkopeshaji, kwa hiyo nitakueleza kile ambacho muuzaji hakukueleza. Nianze na miezi sita, kwa sababu ndiyo iliyokukosesha usingizi.

Muuzaji wa magari hapati faida kwenye gari pekee. Anapopeleka ombi lako kwa mkopeshaji, mkopeshaji humjibu kwa riba ambayo yuko tayari kuipokea, tuseme asilimia 7. Katika nchi nyingi muuzaji ameruhusiwa kwa miaka mingi kuongeza juu yake kiasi fulani, akuandikie asilimia 9, na sehemu kubwa ya hiyo nyongeza hurudi kwake kama kamisheni. Mara nyingi hulipwa kamisheni hiyo mwanzoni kabisa, kwa mkupuo, kabla wewe hujalipa hata rejesho la pili. Sasa fikiria mkopeshaji amekwisha kutoa kamisheni kwa kutegemea riba ya miaka mitano, halafu wewe unafunga mkopo mwezi wa pili. Riba aliyoitegemea haipo. Kwa hiyo mkataba kati ya mkopeshaji na muuzaji huwa na kifungu kinachosema kwamba mkopo ukifungwa ndani ya siku 90, au 120, au 180, muuzaji arudishe kamisheni yote au sehemu yake. Ile miezi sita uliyoambiwa ni siku 180 za muuzaji. Ni muda wake yeye na mkopeshaji wake, na wewe si mhusika wa mkataba huo.

Riba zilizoongezwa kwa namna hii zimezua ugomvi mahali pengi. Nchini Uingereza, kwa mfano, FCA, mamlaka inayosimamia huduma za fedha, ilipiga marufuku mwezi Januari 2021 utaratibu wa kamisheni uliomwezesha muuzaji kujipangia riba ya mteja huku kipato chake kikipanda kadiri riba inavyopanda. Ninalitaja hili ili ujue kwamba asilimia 9 yako huenda haikuwa kipimo cha uaminifu wako kama mkopaji. Huenda ilikuwa asilimia 7 iliyovishwa koti.

Hata hivyo, usikimbilie benki kesho asubuhi. Kuna karatasi tatu za kusoma, na watu wengi husoma moja tu. Ya kwanza ni mkataba wa mkopo wenyewe: tafuta maneno yanayohusu kulipa kabla ya wakati, kufunga mkopo mapema, au tozo ya kuvunja mkataba. Ya pili ni ankara ya gari, uone punguzo limeandikwaje. Likiandikwa kama sehemu ya bei bila maelezo mengine, uko mahali pazuri. Ya tatu, ambayo wengi huikunja na kuiweka kwenye bahasha bila kuisoma, ni fomu ya masharti ya ofa. Huko ndiko mtengenezaji au muuzaji anapoweza kuandika kwamba punguzo litadaiwa tena endapo mkopo hautadumu kwa muda fulani. Ikiwa sharti hilo limeandikwa na umelisaini, basi linakufunga, na hapo hatuzungumzii tena ombi la mtu mlangoni.

#3 Msomaji Kimya

Naomba niulize swali ambalo huenda likawaudhi baadhi yenu. Mtu amepewa punguzo kwa makubaliano kwamba atakopa mahali fulani, naye amekubali akijua moyoni kwamba atahama mapema. Je, huo si ujanja? Muuzaji atakatwa kamisheni yake, na huenda yule kijana wa mauzo naye akakatwa. Sisemi ni kosa kisheria. Ninauliza kama ni uungwana.

#4 Afisa Mikopo Mstaafu

Swali lako ni la haki, ndugu. Mimi naligawa hivi. Kama mteja ametazamwa machoni akasema "naahidi nitakaa miezi sita", basi amejifunga kwa kauli yake, na sitamshauri avunje neno lake hata kama mkataba hauna kifungu. Lakini kama ameombwa tu, naye akanyamaza au akasema atafikiria, basi hakuna ahadi iliyovunjwa. Tukumbuke pia kwamba mteja huyu alitimiza sharti aliloambiwa, nalo lilikuwa kukopa pale. Upande wa pili nao haukumwambia kwamba ndani ya ile asilimia 9 kuna sehemu yake. Nisingependa kuona uungwana unadaiwa kwa mteja peke yake.

Kuna njia ya katikati ambayo nimeona ikitumiwa vizuri: mteja humuuliza muuzaji kwa maandishi tarehe ambayo kufunga mkopo hakutamdhuru. Muuzaji mwenye akili hujibu, kwa kuwa anajua mteja angeweza kuhama kimya kimya. Wakati mwingine jibu lenyewe huwa siku 90, si miezi sita.

#5 Mwanzisha uzi

Nashukuru sana, Mzee wetu. Nimetoa bahasha na nimesoma karatasi zote tatu jioni hii, na ninakiri kwamba ile ya tatu nilikuwa sijaigusa tangu siku niliyosaini.

Mkataba wa mkopo unasema kwamba mkopaji anaweza kulipa deni lote wakati wowote bila tozo, na kwamba riba huhesabiwa kila siku kwenye salio lililobaki. Ankara inaonyesha bei ya 24,000 na chini yake punguzo la 1,500. Lakini fomu ya ofa, katika mstari mdogo ulio chini ya sahihi yangu, inasema kwamba punguzo linaweza kudaiwa tena endapo mkopo utafungwa kabla ya marejesho matatu kulipwa kwa tarehe zake. Kwa hiyo ningekwenda benki wiki ile ya kwanza kama nilivyokuwa nimepanga, ningeweza kudaiwa 1,500 ili kuokoa riba ya miezi miwili.

Kuhusu ahadi, sikuahidi chochote. Nilicheka tu. Nimemwandikia muuzaji na amejibu kwamba baada ya rejesho la nne hatakuwa na neno. Kwa hiyo mpango wangu sasa ni kulipa marejesho manne, kisha kuhamisha. Je, hesabu inakubali?

#6 Hesabu Kwanza

Mkuu, mimi ni mhasibu, na nimefurahi kuona uzi wenye namba halisi badala ya hisia. Nitafanya hesabu kwa kutumia takwimu zako.

Mkopo wa 18,500 kwa asilimia 9, rejesho la 384.03. Ukilipa mara nne utakuwa umetoa 1,536.12, na katika hizo 543.91 zitakuwa zimekwenda kwenye riba na 992.21 kwenye deni lenyewe. Salio litakuwa 17,507.79. Angalia jinsi riba inavyokula mwanzoni. Ndiyo maana kila mwezi wa kusubiri una bei. Miezi hiyo minne kama ingekuwa kwa asilimia 6 ingekugharimu riba ya kama 362, kwa hiyo kusubiri kwako kunakugharimu takriban 182. Ukilinganisha na punguzo la 1,500 ambalo ungelihatarisha kwa haraka, hiyo ni gharama ndogo.

Sasa uhamishe hizo 17,507.79 kwenda benki kwa asilimia 6, kwa miezi 56 iliyobaki. Rejesho linakuwa 359.22. Jumla ya yote utakayokuwa umelipa, ukijumlisha yale manne ya mwanzo, ni kama 21,653. Kama ungebaki kwa mkopeshaji wa kwanza hadi mwisho ungelipa 23,042. Kama ungekataa punguzo na kwenda benki tangu siku ya kwanza ungelipa 23,199. Kabla ya kutoa gharama za kuhamisha, unaokoa karibu 1,389 dhidi ya kubaki na karibu 1,547 dhidi ya njia ya benki tangu mwanzo. Ikiwa kuhamisha kutakugharimu 200, bado unabaki na zaidi ya 1,100.

Lakini usiichukue hesabu hii ukaipeleka kwa kila mtu. Benki ingekuwa inakupa asilimia 8 badala ya 6, rejesho lingekuwa 375.65 na akiba yote ya miezi 56 ingekuwa kama 469. Ukitoa 200 za gharama unabaki na 269, na hapo sijui kama ningejisumbua kupanga foleni.

Jambo la pili ni mtego ambao nimewaona watu wazima wakiuingia huku wanatabasamu. Benki itakuuliza kama ungependa "kupumua", yaani muda uongezwe hadi miezi 72. Rejesho litashuka hadi 290.15, na utahisi umeshinda kwa kuwa kila mwezi unabaki na karibu 94 mfukoni. Jumla ya malipo yako itakuwa kama 22,427. Akiba ya 1,389 imeshuka hadi kama 615, na utakuwa unalipia gari hilo mwaka mmoja na zaidi baada ya tarehe ambayo ungekuwa umemaliza. Kama kipato kimeyumba na rejesho la sasa linakushinda, hiyo ni habari nyingine, kuongeza muda kunaweza kukuokoa usinyang'anywe gari. Kama kipato hakijayumba, omba miezi 56 ile ile na usiongeze hata mmoja.

Na la tatu, kwa wale wanaosoma wakiwa bado hawajanunua. Mara nyingi ofa huja katika sura mbili ambazo huwezi kuzichukua pamoja: punguzo la bei, au riba ya asilimia 0. Mwanzisha uzi angepewa asilimia 0 kwa miezi 60 bila punguzo, angelipa 333.33 kwa mwezi na jumla ya 20,000 tu. Hiyo inaishinda hata njia hii ya punguzo na kuhamisha. Aliye na mkopo wa asilimia 0 hana cha kuhamisha, na mtu yeyote anayemwambia ahamishe anatafuta kamisheni.

#7 Kadi Mkononi

Nami niongeze kidogo kuhusu aina ya riba, kwa sababu hesabu nzuri ya ndugu mhasibu inasimama kwa sharti kwamba riba inahesabiwa kwenye salio linalopungua. Kuna mikopo mingi ambayo riba yake haipungui: wanachukua kiasi cha mwanzo, wanakizidisha kwa riba na miaka, wanajumlisha, wanagawa kwa miezi. Mkopo wa 18,500 kwa asilimia 9 ya namna hiyo kwa miaka mitano una riba ya 8,325 na rejesho la 447.08, na riba yake ya kweli ukiipima kwa salio linalopungua ni karibu asilimia 15.7. Watu hulinganisha asilimia 9 ya mkopo huu na asilimia 11 ya salio linalopungua na kuona kwamba 9 ni nafuu. Si nafuu hata kidogo. Kabla ya kuhamisha, muulize mkopeshaji mpya rejesho ni kiasi gani na jumla ya malipo yote ni kiasi gani. Rejesho na jumla havina pa kujificha.

Na kwa mkopo wa riba isiyopungua, swali kubwa ni hili: ukifunga mapema, ile riba ya miezi ambayo haijafika unasamehewa kiasi gani? Wengine hawasamehi kitu, na hapo kuhamisha hakuna maana yoyote kwa sababu utakuwa unakopa upya ili kulipa riba ya muda ambao hukuutumia. Wengine husamehe kwa kanuni ya 78, inayoitwa hivyo kwa sababu ukijumlisha namba 1 hadi 12 unapata 78. Kwa mkopo wa mwaka mmoja, mwezi wa kwanza hubeba sehemu 12 kati ya 78 za riba yote, wa pili 11, na kuendelea hadi wa mwisho unaobeba sehemu moja. Kwa mkopo wa miezi 60 jumla ni 1,830, na miezi minne ya kwanza hubeba sehemu 234. Kwa riba ya mwanzisha uzi ingekuwa kama 581 badala ya 544. Si tofauti ya kutisha, ila huwa kubwa zaidi riba inapokuwa ya juu na muda unapokuwa mrefu. Nchini Marekani sheria ya shirikisho ya mwaka 1992 ilizuia kanuni hiyo kwa mikopo ya walaji inayozidi miezi 61.

Sheria za kufunga mapema hutofautiana. Uingereza, sheria ya mikopo ya walaji ya mwaka 1974 inampa mkopaji haki ya kumaliza deni kabla ya wakati na kupunguziwa riba. Umoja wa Ulaya, katika agizo lake la mwaka 2008, uliweka ukomo wa fidia ya mkopeshaji: asilimia 1 ya kiasi kinacholipwa mapema ikiwa umebaki zaidi ya mwaka mmoja, na asilimia 0.5 ikiwa umebaki mwaka au chini ya hapo. Mwenye mkopo wa murabaha, yaani ule wa Kiislamu ambao benki hununua kitu na kukuuzia kwa faida, naye ajue kwamba faida hupangwa mwanzoni na huwa sehemu ya bei, kwa hiyo punguzo la kufunga mapema linategemea mkataba wake na taratibu za wasimamizi wa benki. Aulize kabla ya kupanga chochote.

#8 Dereva wa Zamu

Habari zenu. Mimi nilitaka kuhamisha na benki ikanikataa, na ningependa mwanzisha uzi ajue sababu. Nilinunua gari bila kianzio. Punguzo lilinifurahisha, nikaona kianzio cha nini. Miezi minane baadaye gari likapimwa thamani na ikaonekana deni langu ni kubwa kuliko gari lenyewe. Gari jipya hupoteza thamani kwa kasi zaidi mwaka wa kwanza, na deni mwanzoni hushuka polepole, kwa hiyo vitu hivi viwili hupishana vibaya. Afisa aliniambia kwa heshima kwamba benki haiwezi kutoa mkopo unaozidi dhamana yake, isipokuwa nilete tofauti taslimu. Sikuwa nayo. Mpaka leo bado nalipa riba ya muuzaji.

#9 Hesabu Kwanza

Pole, ndugu. Na umegusa jambo ambalo nilipaswa kulitaja. Mwanzisha uzi ana deni la 17,507 kwenye gari lililonunuliwa kwa 24,000, kwa hiyo hata thamani ikishuka kwa asilimia 20 bado dhamana inalifunika deni. Kianzio chake ndicho kilichomwachia mlango huo wazi.

#10 Mwenye Bahasha

Swali dogo kwa Mzee: je, kuomba mkopo kwenye benki tatu nne ili kulinganisha hakuharibu sifa ya mkopaji kwenye taasisi za taarifa za mikopo? Mimi niliogopa hilo nikaomba sehemu moja tu.

#11 Afisa Mikopo Mstaafu

Kila ombi rasmi huacha alama, ila mifumo mingi inaelewa kwamba mtu anayelinganisha bei si mtu anayekopa kila mahali. Kwa mfano, alama za FICO, zinazotumika Marekani kupima uaminifu wa mkopaji, huhesabu maombi ya mkopo wa gari yaliyofanywa ndani ya kipindi kifupi kama ombi moja. Kipindi hicho ni siku 14 katika matoleo ya zamani na siku 45 katika matoleo mapya. Kwa hiyo kusanya maombi yako ndani ya wiki mbili, usiyatawanye kwa miezi. Na uombe kwanza makadirio yasiyohitaji ombi rasmi pale yanapopatikana. Chama cha akiba na mikopo nacho usikisahau. Mara nyingi huwa na riba ya chini kuliko benki kwa mwanachama wake, na huwa wavumilivu zaidi wa kueleza.

Kwa mwanzisha uzi, nina mambo mawili ya utaratibu. Angalia kama kwenye mkopo wa kwanza ulilipia bima ya mkopo, bima ya kufidia pengo kati ya deni na thamani ya gari, au waranti ya nyongeza. Bima zilizofungwa kwenye mkopo ule hukoma mkopo unapofungwa, na mara nyingi sehemu ya muda uliobaki hurudishwa, lakini hairudi yenyewe. Lazima uiombe kwa barua. Na bima kubwa ya gari ina jina la mkopeshaji kama mnufaika wa kwanza. Jina hilo libadilishwe siku ile ile, maana gari likipata ajali katikati ya mabadiliko, fidia itaanza kutafuta mwenyewe.

#12 Mwanzisha uzi

Nimerudi kutoa mrejesho. Nililipa rejesho la nne kwa tarehe yake, nikaomba barua ya salio la kufunga mkopo. Barua ilitaja 17,507.79 na kueleza kwamba kila siku itakayopita itaongeza riba ya 4.32. Benki yangu ilihesabu siku saba, ikaidhinisha 17,538.03 kwa asilimia 6 na miezi 56. Rejesho jipya ni 359.84. Waliniuliza kuhusu miezi 72, kama ndugu mhasibu alivyotabiri, na afisa alishangaa nilivyokataa haraka. Gharama za kuhamisha zilikuwa 200, za kuchakata mkopo na kubadilisha jina la mwenye dhamana kwenye kadi ya gari, nikazilipa taslimu ili zisiingie kwenye deni.

Bima ya mkopo nilikuwa nimeilipia 360 taslimu kwa miezi 60, na kwa kuwa miezi 56 ilikuwa bado, nilirudishiwa 336. Bila neno la Mzee nisingeiulizia kabisa.

Nilikosea sehemu moja. Fedha za benki ziliingia siku ya tisa badala ya ya saba, na mimi, nikijua kwamba mkopo umefungwa, nikasitisha makato kutoka kwenye akaunti yangu. Hesabu ilikuwa pungufu kwa 8.64. Kwa 8.64 hizo akaunti yangu ya mkopo ilibaki wazi, na wiki tatu baadaye nikapata ujumbe kwamba nina rejesho lililochelewa. Nilikwenda, nikalipa 8.64 na senti chache za riba yake, nikakaa kwenye kiti hadi nikapewa barua ya kuthibitisha kwamba sidaiwi, yenye muhuri na tarehe. Niliwaomba pia waandike kwamba kuchelewa kule kulitokana na tofauti ya siku za uhamisho, ili lisije likaonekana kwenye taarifa zangu kama deni sugu. Waliandika, na nakala nimeiweka kwenye bahasha ile ile yenye fomu ya ofa.

#13 Dereva wa Zamu

Hongera, mkuu. Naomba uniambie, ile barua ya salio uliiomba kwa mkopeshaji mwenyewe au kupitia muuzaji? Nimeanza kulipa ziada kidogo kila mwezi ili deni lishuke chini ya thamani ya gari, na nikifika hapo nitajaribu tena.

#14 Mwanzisha uzi

Kwa mkopeshaji mwenyewe, ndugu yangu, na kwa maandishi. Na hiyo ziada unayolipa, waambie waiandike kwamba inapunguza deni. Usipowaambia, wengine huihesabu kama rejesho la mwezi ujao lililolipwa mapema, na salio lako halitashuka kama unavyotarajia.

#15 Dereva wa Zamu

Nimeangalia taarifa yangu sasa hivi. Wameihesabu kama rejesho la mwezi ujao, miezi mitano mfululizo. Kesho niko ofisini kwao.